Miaka Kati ya Vita Viwili: Peaky Blinders Ilivyonikuta Buyenzi

Mwaka 1919. Mwanamume aliyevaa kapelo amepanda farasi mweusi, anaingia polepole kwenye mtaa wa matope na moshi wa viwanda, na watu wanampisha bila kuambiwa. Hivyo ndivyo inavyoanza Peaky Blinders, tamthilia ya Uingereza ambayo BBC ilianza kuionyesha Septemba 2013 na ambayo kwetu Buyenzi imefika kwa kuchelewa, ndani ya flashi, ikiwa imetiwa sauti za Kifaransa. Nimetazama sehemu sita za kwanza kwa siku tatu mfululizo, usiku, huku nikiwatafsiria wale wa nyumbani ambao Kifaransa chao ni cha kusalimiana tu. Misimu iko sita. Mimi nimemaliza mmoja. Haya ni ya mwanzo basi, mtu asije akanidai mwisho wa hadithi.

Vijana wa avenyu yetu walioniletea waliisifu kwa sababu ya suti, kofia na ngumi. Kofia zenyewe zina hadithi yake: eti zilishonewa wembe kwenye ukingo, wa kuwakata watu machoni. Mwanahistoria wa Birmingham, Carl Chinn, anasema hilo ni la kutunga, maana wembe wa aina ile ulikuwa ghali kwa maskini wa wakati huo. Anasema pia kwamba genge la kweli lilitamba mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia 1919 lilikuwa limeshakwisha. Yaani tamthilia imewachukua watu kutoka wakati wao ikawahamishia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mimi sioni ubaya. Aliyeiandika, Steven Knight, ana asili ya mji huohuo, na amesimulia kwamba chanzo ni kisa cha baba yake. Baba huyo akiwa mtoto alitumwa na karatasi kwa wajomba zake, mlango ukafunguliwa, akaona wanaume waliovaa vizuri wamezunguka meza iliyojaa pesa, na bia wanainywea kwenye chupa za jamu. Pesa yote ilikwenda kwenye nguo, ya glasi haikubaki! Picha hiyo moja ya mtoto aliyesimama mlangoni ilikaa ndani ya familia mpaka ikawa tamthilia.

Kinachonichosha humo ni kule kutembea polepole kwa wanaume wanne kwa pamoja, na gitaa nyuma yao, kila dakika kumi. Tena wote ni wasafi na wazuri mno kwa watu wanaoishi ndani ya masizi. Lakini hayo ni ya juu juu. Kilichonishika ni kitu kingine: karibu kila mwanamume katika hadithi ile ametoka vitani, na hakuna hata mmoja aliyerudi mzima.

Thomas Shelby, mkubwa wa genge ingawa si mkubwa wa kuzaliwa, alikuwa mchimba mahandaki huko Ufaransa. Walichimba chini kwa chini kuelekea kwa Wajerumani, nao Wajerumani wakichimba kuja kwao. Sasa yuko Birmingham, kwenye kitanda chake, na usiku anasikia sululu zikigonga nyuma ya ukuta wa chumba. Medali zake alizitupa kwenye mfereji wa maji. Rafiki yao Danny anaingia baa na kuanza kuvunja meza na kupiga kelele, kwa sababu kichwani mwake mizinga bado inalia, na wenzake inabidi wamshike wamkumbushe kwamba yuko nyumbani. Hapo mama mmoja jirani, ambaye alikuja kwetu kuchaji simu tu, alisema akiwa amesimama mlangoni: “Huyo hajafika bado.” Kisha akaketi, na usiku uliofuata akaja mapema.

Polisi aliyeletwa kuwadhibiti, Campbell, yeye hakwenda vitani. Kila anapoingia mahali, wanaume wanampima kwa swali moja: wewe wakati ule ulikuwa wapi? Kambini tunalijua swali hilo, ingawa sisi tunaliuliza kwa sauti ya chini. Na yuko Polly, dada wa baba yao, ambaye nyumbani kwetu aliitwa Shangazi Polly kuanzia dakika ya tano. Wanaume walipokuwa Ufaransa, biashara yote aliiendesha yeye. Wamerudi, wanakaa kwenye viti vyao kana kwamba viti viliwasubiri, na anawakumbusha. Wanawake waliobaki na kadi ya mgao na watoto watano walimwelewa kuliko mimi niliyekuwa natafsiri.

Nilifundisha historia Uvira kwa miaka kumi na minne, na ugonjwa wa mwalimu wa historia ni kuuliza: mwaka huohuo, sisi tulikuwa wapi? Vita vile vilivyomharibu Tommy vilipita hapa pia. Mji huu, ambao hadi uhuru wa 1962 uliitwa Usumbura, ulianza kama kituo cha jeshi la Wajerumani mwaka 1897. Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Ubelgiji, Force Publique, chini ya Charles Tombeur, lilivuka kutoka magharibi: Mei likawa Kigali, Juni Usumbura, mwisho wa Julai Kigoma, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora. Katika vitabu vya shule ni mistari mitatu na mshale kwenye ramani.

Mshale ule ulibebwa kichwani. Barabara za magari hazikuwepo, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe, hivyo kila risasi, kila gunia la unga, kila kipande cha mzinga kilipanda milima juu ya mtu. Wapagazi wa upande wa Wabelgiji peke yao wanakadiriwa kuzidi laki mbili. Upande wa Waingereza, wapagazi waliokufa na kuandikwa ni zaidi ya elfu arobaini, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli inakaribia laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, baridi ya milimani na chakula ambacho tumbo lao halikukijua. Ulaya iliweka silaha chini tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani, alisalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Kwa wiki mbili watu waliendelea kubeba mizigo ya vita vilivyokwisha.

Babu wa baba yangu alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa upande wa Uvira akafika Tabora, hiyo ndiyo ripoti nzima tuliyonayo juu ya safari. Hatujui kikosi, hatujui alilipwa nini. Nyanya alitusimulia mawili tu. La kwanza, alikuwa na sugu begani, ngumu kama kisigino, na watoto walipenda kuigonga kwa vidole. La pili, maisha yake yote hakukubali kutembea katika mstari. Mkienda shambani kwenye njia nyembamba, yeye anapita kwenye majani, pembeni, hata kama kuna umande na nyoka. Watu walimcheka. Wapagazi walitembea mmoja nyuma ya mwenzake siku nzima, macho kwenye visigino vya aliye mbele, na aliye mbele akianguka unamruka. Nilipomwona Tommy anasikiliza ukuta wake, nilimkumbuka mzee yule ambaye sikumwona, anayetembea kwenye majani.

Tommy ana medali za kutupa. Hilo nalo linafaa kuangaliwa. Katikati ya Dar es Salaam iko sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, mwanajeshi wa shaba na bunduki yenye singe mbele. Yuko peke yake. Mpagazi hayupo pale, ingawa si mbali sana kuna Kariakoo, jina ambalo limetokana na kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza ambacho watu walikitamka kwa ulimi wao. Nairobi wanayo Kariokor, jina lilelile, na sanamu yao angalau imemweka mpagazi pamoja na wapiganaji. Wenzetu waliopitia kambi za Tanzania wamesikia Kariakoo mara elfu, katika nyimbo, katika bei za nguo, katika hadithi za waliotoroka kwenda kutafuta kazi. Mtumba umevaa, kaka, jina lake ni kaburi la watu wasio na kaburi.

Sasa turudi 1919, mwaka wa ile tamthilia. Tommy akihangaika na bunduki zilizopotea, tarehe 30 Mei mwaka huo Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana namna ya kugawana koloni la Wajerumani. Ubelgiji ikapewa Ruanda na Urundi, Uingereza ikabaki na Tanganyika. Mfalme wa Burundi, Mwambutsa, alikuwa mtoto wa miaka kama saba hivi, na hakuna aliyemuuliza. Katika mgao huo Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, iliangukia Tanganyika, na leo iko ndani ya wilaya ya Ngara. Sikilizeni jina hilo: Ngara. Ndiko ilikokuwa kambi ya Benaco ya Wanyarwanda mwaka 1994, ndiko ilikokuwa Lukole ya Warundi. Mtu aliyekimbia Muyinga akafika Lukole alivuka mpaka ambao mwaka 1915 haukuwepo. Kabla ya kalamu ile angekuwa amehama kijiji. Baada yake akawa mkimbizi, akapewa kadi.

Usumbura yenyewe, katika miaka ambayo akina Shelby walikuwa wakitajirika, ilikuwa inageuzwa makao makuu. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 21 Agosti 1925 iliunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na Kongo, na huyo gavana alikaa hapa. Wazungu wakajenga upande wao. Waswahili, wale watu wa Ujiji, Manyema na pwani, wafanyabiashara na wapagazi waliobaki, wakapangiwa upande wao. Buyenzi hii ninayoandikia, yenye avenyu za namba, wazee bado wanaitaja kwa jina la zamani, Camp Swahili. Nilicheka nilipolisikia mara ya kwanza. Nimetoka kambini nikaenda mjini, na mji wenyewe kumbe ni kambi iliyozeeka! Milimani huko mambo yalikuwa kodi ya pesa, kahawa ya lazima na kiboko, na vijana wakatoroka kwa maelfu kwenda Uganda, au kwenda Manamba, yaani kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Mwaka 1934, ambako ndiko inakoishia tamthilia kwa maelezo ya vijana wangu, mwanamke aitwaye Inamujandi aliongoza uasi kaskazini-magharibi mwa Burundi. Ulizimwa kwa nguvu. Angefaa sana kuigizwa, na Shangazi Polly angempisha kiti.

Ila kama ningepewa pesa ya BBC, ningeigiza meli.

Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama elfu tano, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa reli mpaka Kigoma na kuunganishwa upya. Jina lake Graf von Götzen. Wakati Wabelgiji wanakaribia, tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito, kama mtu anayefunga nyumba akijua atarudi. Hawakurudi wao. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri ziwani kwa jina jipya: Liemba. Mwaka uleule wa sanamu ya Askari.

Wengi wenu mmeipanda. Mei 2015 Warundi waliokwama ufukweni Kagunga, maelfu kwa maelfu, mlima nyuma yao, ziwa mbele, kipindupindu katikati, Liemba ndiyo iliyokuwa ikija kuwachukua kwenda Kigoma, mamia kwa kila safari. Na mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, ndiyo iliyotumiwa na UNHCR kuwarudisha Wakongo kutoka Kigoma hadi Uvira. Mimi nilikuwemo, nina miaka kumi na miwili. Nakumbuka harufu ya mafuta na samaki, na mama akiwa ameshika sufuria mbili kana kwamba ni mayai. Nakumbuka mtu wa shirika, mwenye kizibao na kipaza sauti, akitutangazia kwa Kiswahili kizuri: vita imeisha, mnarudi nyumbani. Hakutudanganya, maana kwa siku ile ilikuwa kweli. Kwamba tulikuwa juu ya meli ya vita, iliyozamishwa na kufufuliwa, hakuna aliyetuambia.

Mobutu aliondoka Mei 1997. Vita vya pili vya Kongo vilianza tarehe 2 Agosti 1998. Fanyeni hesabu: miezi kumi na minne na ushee. Kwa Tommy Shelby, kati ya vita viwili ni miaka ishirini, inatosha kununua farasi, kujenga jumba, kuingia siasa. Yetu ilitosha kuezeka nyumba upande mmoja na kuvuna mihogo mara moja. Kaka yangu mkubwa alianza darasa la tano mara ya pili. Mama alinunua kuku watatu. Tuliiita nini miezi ile? Tuliiita “sasa”. Tulisema: sasa tumerudi, sasa tutajenga. Jina “kati ya vita viwili” anaweza kulitoa tu mtu aliyeshaviona vyote viwili. Mwaka 1919 kule Birmingham hakuna aliyelijua, na ndiyo maana uigizaji wa wale watu unauma: wanapanga maisha kwa nguvu zote, na sisi tunaotazama ndio tunaojua 1939 inakuja.

Hapa nina neno kwa ndugu zetu wa mashirika, ambao najua mnasoma kurasa hizi. Katika ofisi moja niliwahi kuulizwa na aliyekuwa akijaza fomu: katika eneo lenu vita viliisha mwaka gani? Kulikuwa na kisanduku cha tarakimu nne. Nikajibu kwamba kwenye karatasi ni 2003, serikali ya mpito ilipoundwa Kinshasa. Akaandika 2003. Kisha akauliza, basi kwa nini umekimbia? Nilitaka kumwambia kwamba mwaka mmoja baada ya hiyo 2003, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi waliotoka kwetu waliuawa Gatumba, kilomita chache tu kutoka Bujumbura, wakiwa tayari wamekimbia. Nilitaka kumwambia kuhusu vikundi vilivyobadilisha majina. Lakini kisanduku kilikuwa kimeshajaa, na nyuma yangu kulikuwa na mstari mrefu. Simlaumu, naye ana mkubwa wake. Ila kama mnapata muda, tazameni sehemu ya kwanza ya Peaky Blinders, pale kwa Danny, kisha mjiulize katika kisanduku chake mngeandika mwaka gani. 1918?

Neno la mwisho juu ya tamthilia. Katika mtaa ule wa Birmingham kuna mhubiri mweusi, Jeremiah Jesus, aliyepigana pamoja na akina Shelby. Aliigizwa na mshairi Benjamin Zephaniah, mzaliwa wa Birmingham, aliyefariki Desemba 2023. Anasimama barabarani, anahubiri motoni na moshini, anapita. Nilimsubiri kila sehemu. Nyumbani wakaanza kunitania: mwalimu, mtu wako yuko wapi leo? Sijui katika misimu inayofuata watampa nini cha kusema, lakini kwa sehemu hizi sita yeye ni kama yule mpagazi wa Dar es Salaam: vita alikuwemo, kwenye sanamu hayumo.

Msimu wa pili umeshafika, uko kwenye flashi hiyohiyo, tunasubiri umeme. Wakati huo huo nimenunua daftari. Steven Knight alikuwa na mtoto mlangoni na chupa za jamu. Mimi nina sugu moja na mzee apitaye kwenye majani, haitoshi hata sehemu moja. Walioko Kavumu, Bwagiriza, Musasa, Kinama, Nyankanda, na ninyi wa Nyarugusu ikiwa gazeti hili linawafikia: kama katika ukoo wenu kuna aliyebeba mizigo ya vita vile vya Wajerumani na Wabelgiji, waulizeni wazee waliobaki. Jina lake, hata la utani. Alichukuliwa wapi. Alibeba nini. Alirudi na tabia gani ambayo watu waliicheka. Mniandikie kupitia wahariri, kwa Kiswahili, Kirundi, Kifuliiru, Kibembe, kwa lugha yoyote, nitatafuta wa kunisomea.